Mgonjwa wa uchovu sugu aulizwe ameamkaje

Kwa mkulima wa mpunga wa Madibira, wilayani Mbarali, mtu amepona anaporudi jarubani, akainama kupandikiza tangu asubuhi, na kesho yake akarudi tena. Mgonjwa wa uchovu sugu hukwama hapo penye kesho. Anaweza kujikaza siku moja akamaliza kazi, kisha akalala siku kadhaa, viungo vikimuuma na akili ikiwa nzito. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliitaja hali hiyo ya kuzidiwa baada ya kujituma kuwa miongoni mwa dalili kuu za ugonjwa huu. Kwa hiyo wagonjwa wa Ulaya na Marekani walipoambiwa kwamba tiba yao ni mazoezi, wakapinga, walikuwa na haki. Utafiti wa mazoezi usiofuatilia mgonjwa ameamkaje hauwezi kumtangaza kuwa amepona.

Mgogoro mkubwa ulizuka juu ya utafiti wa Uingereza ulioitwa PACE, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011 ukiwa na wagonjwa 641. Watafiti walisema mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo yanasaidia, na mwaka 2013 wakaandika kwamba asilimia 22 ya waliofanya mazoezi hayo walipona. Wagonjwa wakaisoma kazi hiyo mstari kwa mstari. Waliona kwamba mwenye alama 65 kati ya 100 za uwezo wa mwili alihesabiwa mgonjwa wa kutosha kuingia utafitini, ilhali alama 60 za kipimo hicho hicho zilitosha kutimiza kigezo cha kupona. Yaani mtu angeweza kudhoofika zaidi na bado akavuka mstari wa waliopona! Kigezo kilikuwa kimelegezwa baada ya utafiti kuanza. Alem Matthees, mgonjwa wa Australia, aliomba takwimu, Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kikakataa, hadi mwaka 2016 baraza la rufaa lilipoamuru zitolewe. Zilipochambuliwa kwa vigezo vya awali, waliopona hawakufika hata mmoja kati ya kumi katika kundi lolote. Tena baada ya mwaka mzima, kundi la mazoezi lilitembea wastani wa mita 379 kwa dakika 6, wakati mtu mzima mwenye afya huvuka 500.

Watafiti wale walishikilia matokeo yao, wakisema madhara makubwa yalikuwa machache na hayakutofautiana sana kati ya makundi. Lakini vigezo vya kuwachagua washiriki havikudai wawe na dalili ile ya kuzidiwa baada ya kazi, kwa hiyo wastani unaweza kumficha aliyeumia. Na katika mazoezi hakuna kidonge bandia: mshiriki anajua amepewa nini, na akijaza dodoso anaweza kuandika matumaini yake. Oktoba 2021, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliyafuta mazoezi ya aina hiyo katika mwongozo wake. Wapo watakaosema kulala tu kunadhoofisha misuli, na kwamba mazoezi huwafaa wenye kisukari na shinikizo la damu. Ni kweli, ila tiba ya ugonjwa mmoja si ruhusa ya kuitumia kwa mwingine bila ushahidi. Wengine watasema huku kwetu uchovu ni malaria, kifua kikuu, UKIMWI au upungufu wa damu. Hayo yapimwe kwanza, tena kwa makini. Anayebaki hoi miezi baada ya UVIKO-19, vipimo vyote vikiwa safi, asiitwe mvivu.

Huku kwetu, Mbeya ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, chenye uzoefu wa majaribio makubwa. Jaribio la chanjo ya VVU la PrEPVacc, lililofanyika humo na kwingineko Afrika, lilisitisha uchanjaji mwishoni mwa 2023 baada ya kuonekana kwamba chanjo haina dalili ya kufanikiwa, na watafiti wakatangaza hadharani. Utafiti wa uchovu sugu ukija Mbarali au Iringa, uendeshwe kwa uwazi huo huo. Vigezo vya kupona viandikwe mapema visiguswe, wagonjwa wakae mezani vinapopangwa, kazi ya shamba ihesabiwe pamoja na siku zinazoifuata, na takwimu, majina yakiwa yameondolewa, zitolewe bila mgonjwa kulazimika kukata rufaa.