Neno la Mhariri: Ardhi Iliyo Kati ya Kuta

Kwa muda mrefu historia ya ngome za Ulaya za zama za kati, yaani kipindi cha takriban karne ya 5 hadi ya 15, iliandikwa kwa kufuata mawe, kwa kuwa kilichosalia juu ya ardhi ndicho kilichopimwa, kikachorwa na kutengewa fedha za ukarabati, ilhali ua uliozungukwa na kuta hizo ulichukuliwa kuwa uwanja mtupu. Hoja ya toleo hili ni kwamba mtazamo huo umeifanya ngome ionekane kuwa chombo cha vita tu na kuwafuta waliopika, kusali na kulala ndani yake, na kwamba njia ya kuwarejesha ni uchimbaji wa polepole unaofunua eneo pana, hata pale pasipo na ukuta wa kuongoza jicho.

Mfano ulio wazi ni Hen Domen, karibu na mji wa Montgomery nchini Wales. Ngome hiyo ilijengwa na Roger wa Montgomery, bwana wa Kinormani, kati ya mwaka 1071 na 1086, kwa udongo na mbao tupu: kilima cha kutengenezwa chenye mnara juu yake, ua chini yake, na mahandaki yaliyozunguka vyote viwili. Ujenzi wa ngome ya mawe ulipoanza juu ya mwamba wa jirani mwaka 1223, chini ya Mfalme Henry III wa Uingereza, ngome ya mbao ilipungukiwa na umuhimu, na leo mpita njia haoni ila kilima chenye miti na majani.

Mwanaakiolojia Philip Barker alianza kuchimba hapo mwaka 1960, na kazi iliendelea msimu kwa msimu hadi 1992, Robert Higham akiwa mshirika wake. Barker hakugawa eneo katika miraba iliyotenganishwa na kingo za udongo usioguswa, kama ilivyokuwa desturi ya mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, bali alifunua sehemu pana kwa pamoja, tabaka baada ya tabaka, tabaka likiwa ni kila utando wa udongo uliowekwa na tukio moja, kama vile kujenga, kuungua au kuachwa. Sababu ilitokana na ujenzi wenyewe: majengo mengi hayakuwa na nguzo zilizochimbiwa chini, bali yalisimama juu ya magogo yaliyolazwa ardhini, na gogo la namna hiyo likioza haliachi shimo. Hubaki tu mstari ambapo changarawe inakoma ghafla, au ukanda wa udongo uliobadilika rangi kidogo, ambao mchimbaji aliyepiga magoti, mwiko mkononi, huutambua kwa kuulinganisha na mita kadhaa za kila upande. Katika handaki jembamba la uchimbaji, ukanda huo ungekuwa doa tu. Hivyo ndivyo ua uliodhaniwa kuwa mtupu ulivyodhihirika kuwa umesongamana majengo yaliyojengwa, kubomolewa na kujengwa upya, na chini ya ngome yakakutwa matuta ya shamba lililolimwa kabla yake.

Funzo hili si geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulikuta, chini ya magofu ya msikiti wa mawe, mfululizo wa misikiti iliyotangulia, ya mwanzo ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Kama kazi ingeishia kwenye mawe, mwanzo wa Uislamu mahali hapo ungedhaniwa kuwa wa baadaye sana.

Wapo watakaosema kwamba miaka 32 kwa sehemu ya ua mmoja ni gharama isiyobebeka. Pingamizi hilo lina uzito, lakini handaki la haraka nalo huharibu, kwa sababu tabaka likishaondolewa halirudi, na huharibu bila kutoa jibu. Kama fedha ni chache, cha kupunguza ni ukubwa wa eneo litakalochimbwa, si uangalifu. Barker mwenyewe hakuchimba ua wote wa Hen Domen. Ardhi iliyobaki haihesabiwi kuwa kazi iliyokwama, kwa kuwa bado ina majibu kwa maswali ambayo kizazi cha Barker hakikuwa na vifaa vya kuyauliza.