Ugomvi wa mizigo usimwadhibu abiria

Mfanyabiashara wa Namasakata, mkoani Ruvuma, anaweza kuuliza: mambo ya ndege yananihusu nini, na korosho zangu husafiri kwa meli? Yanamhusu siku anapokata tiketi ya Nairobi.

Tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilitangaza kufuta kibali cha Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia Januari 22. Kisa ni Kenya kuikatalia Air Tanzania kupakia mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Kenya ikalegeza, na zuio likaondolewa kabla halijaanza.

Katika dai lenyewe Tanzania ilikuwa na haki. Ndege ya mizigo kama ile Boeing 767 iliyopokelewa Juni 2023, isiporuhusiwa kuongeza shehena njiani, huweza kuruka nusu tupu, na gharama humwangukia mwenye mzigo. Lakini fimbo ilimwelekea abiria, tena kwa notisi ya siku saba! Aliyekwisha kulipia hoteli na kupanga miadi na mnunuzi alikosa nini? Ingetosha kuanza na vibali vya mizigo, kwa notisi ya miezi mitatu.