Mbunge Si Duka la Mabati

Vijana wapendwa, mwaka 2023 kura ilipigwa tarehe 20 Desemba, na kampeni ilifunguliwa rasmi tarehe 19 Novemba. Hata hivyo, hapa Kasenga kalenda hiyo haikumzuia mtu. Magari yenye vipaza sauti yalianza mapema kutimua vumbi, na vijijini wenye nyumba waliteua wajumbe wao wa kwenda kumwona mheshimiwa. Tunajua yatakayosemwa kura nyingine itakapokaribia, kwa maana yalisemwa mwaka 2006, yakasemwa 2011, yakarudiwa 2018. Mjumbe mzee atasimama, atavua kofia, ataeleza kwamba nyumba zinavuja na mvua iko mlangoni. Mheshimiwa atatikisa kichwa kwa huruma. Kisha yatashushwa mabati kadhaa, mifuko michache ya saruji, chumvi na sabuni kwa akina mama, fulana kwa vijana. Ngoma italia, gari litaondoka. Mabati yale hayatatosha nyumba mbili, na kabla jua halijatua yatakuwa yamezua ugomvi kati ya mjumbe na wale waliomtuma.

Tunasema wazi: kikao cha namna hiyo ni hasara, na anayepata hasara kubwa kuliko wote ni yule aliyeondoka na bati.

Maneno haya yatawaudhi wengine. Mama ambaye mtoto wake analala chini ya nyasi zinazovuja hana nafasi ya kusikiliza hotuba za makatekista. Hatumlaumu aliyepokea. Tunawalaumu waliomzoesha kuamini kwamba hilo ndilo la kuomba, na miongoni mwao wamo watu wasomi wanaojua vema kazi ya mbunge ni ipi.

Tuwaulize swali ambalo wengi wenu hamjawahi kuulizwa. Nyumba ya baba yenu imesimama juu ya ardhi ya nani? Mtajibu: ni ya baba, alipewa na chifu, kaburi la babu liko pale nyuma ya mwembe. Sheria inajibu vingine. Tarehe 1 Julai 1885, watu wa Mfalme Leopold II waliandika kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na wao ndio walioamua ni ipi isiyo na mwenyewe. Tarehe 7 Juni 1966, sheria inayoitwa kwa jina la Bakajika iliirudishia Jamhuri ardhi yote pamoja na utajiri ulio chini yake, ili makampuni ya kikoloni yasizidi kudai haki za zamani. Lilikuwa jambo la fahari, na hatulibezi. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu chake cha 53 kinasema kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake. Haiuzwi, wala Dola haiipotezi kwa kupita kwa miaka. Raia anaweza kupewa ruhusa ya kuitumia, hata ruhusa ya kudumu. Lakini kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki hiyo haithibitishwi kisheria na kitu kingine ila cheti cha kuandikishwa, kile ambacho mjini Lubumbashi kila mtu hukiita sertifika. Asiye nacho ana matofali, ana milango, ana mabati ya mheshimiwa. Ardhi hana.

Na sisi wa vijijini? Walioandika sheria ile hawakutusahau kabisa, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kifungu cha 387 kiligeuza ardhi za jamii za wenyeji kuwa ardhi za Dola. Cha 388 kikaeleza ni zipi: zile ambazo jamii hizo hukaa, hulima au hutumia kwa namna yoyote kwa kufuata mila. Cha 389 kikaahidi kwamba haki walizozipata watu juu ya ardhi hizo zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Mwezi Julai 2023 ahadi hiyo ilitimiza miaka 50, na amri ilikuwa haijatoka. Marais wanne wamekalia kiti kile, nchi imebadili jina, bendera na fedha, katiba zimeandikwa na kufutwa, na waliozaliwa mwaka ule sasa wanabeba wajukuu. Ni kweli kwamba mwaka 2013 iliundwa tume ya taifa ya marekebisho ya ardhi, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha sera mpya. Tunaipokea habari hiyo kwa heshima. Ila mwenye nyumba wa Kashobwe hawezi kumwonyesha polisi sera.

Kama mnadhani tunazungumzia karatasi tupu, kumbukeni Kawama, kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Tarehe 24 na 25 Novemba 2009 matingatinga yaliingia pale pamoja na polisi, na mamia ya nyumba zikalala chini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwafukuza wachimbaji wadogo wa madini. Waliobomolewa ni pamoja na wakulima na wenye vibanda vya biashara ambao hawakuwahi kushika sururu ya mgodini. Miaka mitano baadaye shirika la kimataifa la haki za binadamu, Amnesty International, lilipochapa uchunguzi wake, watu wale walikuwa bado hawajalipwa fidia. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara ya 34 kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya umma, tena baada ya kulipwa kwanza fidia ya haki. Ibara ya 48 inadhamini makao yenye heshima kwa mwanadamu. Hizo ni ibara nzuri. Lakini anayetaka kuzitumia sharti kwanza aonyeshe kwamba kilichobomolewa kilikuwa chake.

Wengine watasema Kawama ilikuwa jirani ya mgodi, na sisi huku riziki yetu ni samaki wa Luapula. Basi watembee kwa macho yaliyo wazi katika barabara inayotoka Lubumbashi kuja kwetu, wayatazame mashamba makubwa ya watu wa mjini, kisha waulize ni nani alikuwa akilima pale zamani. Mjane wala hahitaji kungoja tingatinga. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, lakini mashemeji wanapofika na mikokoteni, haki hiyo humtetea vibaya sana mtu asiye na andiko lolote mkononi.

Sasa mbunge anaweza nini? Bati, mfanyabiashara yeyote anaweza kulitoa. Lakini ibara ya 130 ya Katiba inampa kila mbunge na kila seneta, hata akiwa peke yake, uwezo wa kuleta pendekezo la sheria. Ibara ya 138 inampa swali la mdomo na swali la maandishi kwa waziri, kumtaka waziri ajieleze mbele ya Bunge, na tume ya uchunguzi. Hata duka kubwa kuliko yote mjini halina bidhaa hizo. Tunapomwendea mtu mwenye uwezo huo tukamwomba misumari, tunamfungulia mlango wa kutoroka kazi yake, naye hutoka kwa furaha huku tukimpigia makofi.

Hata namna tunavyomwendea inatuumiza. Tunakwenda na ngoma, na nyimbo za kumsifu, na kuku aliyefungwa miguu. Tunasema mambo kumi na mawili kwa dakika ishirini. Tunarudi bila kuandika neno. Na Katiba ilikwisha kututengenezea njia. Ibara ya 27 inasema kwamba kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo hulijibu katika miezi mitatu. Inasema pia kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Someni tena: miezi mitatu. Barua yenye jambo moja, tarehe, sahihi za wenye nyumba na muhuri wa ofisi iliyoipokea inahesabu siku zake yenyewe. Mzee aliyevua kofia huhesabiwa na nani?

Na msidhani Kinshasa haisikii kamwe. Mashirika ya Wambuti na jamii nyingine za misituni, watu waliodharauliwa kuliko sisi, yalibisha hodi kwa wabunge mwaka baada ya mwaka, yakarudishwa, yakarudi tena na maandishi yao. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda haki zao, na haki juu ya ardhi za mababu zao imo ndani yake. Utekelezaji wake ni habari nyingine, tena ndefu. Lakini sheria ipo, na haikupatikana kwa kuomba sabuni.

Kuna kauli nyingine, na hii hutoka vinywani mwa wacha Mungu: siasa ni matope, sisi tusali. Naboti aliuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu aliloachiwa na baba zake. Eliya hakutumwa kubaki nyumbani na kusali. Alitumwa kumkabili mfalme, tena pale pale shambani. Wazee wengine wanahofu kwamba karatasi itawavunjia heshima machifu. Hofu hiyo ina sababu, na kwa hiyo barua yetu na ianze kwa chifu, naye awe wa kwanza kushuhudia ni nani alimpa nani ardhi, na katika mwaka upi. Chifu akifa bila kuandika, ushuhuda wake unazikwa naye.

Ndiyo maana tunawageukia ninyi. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wazee wetu husoma Kiswahili au Kibemba. Ninyi mmefundishwa lugha hiyo kwa gharama yao. Chukueni daftari, piteni barabara kwa barabara, mwandike jina la mwenye nyumba, mwaka aliojenga, aliyempa ardhi, mipaka, na majirani wawili walio mashahidi. Msiwaruke wajane. Kazi hii haiwi cheti, na asiwepo atakayemdanganya mzee kwamba tayari ana sertifika. Ni mwili wa barua. Bunge huwa na kikao chake cha kawaida kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na barua itakayofika mikononi mwa mbunge kabla ya Machi itamkuta hana kisingizio.

Kabla ya kura swali ni moja tu kwa kila mgombea atakayefika, wa chama chochote: amri ya kifungu cha 389 utaiulizia lini, na kwa njia ipi? Andikeni jibu lake pamoja na tarehe, mbele yake, mkimsomea ulichokiandika mwandishi wenu. Akisema hakijui kifungu hicho, mpeni nakala. Akijibu kwa kushusha mabati, yahesabuni hadharani, mwandike idadi, kisha mrudieni na swali lile lile.