Shule za Aycock na Kura Zilizoporwa

Sanamu ya Charles Brantley Aycock, gavana wa North Carolina kati ya 1901 na 1905, iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 1932. Mwaka 2024 iliipisha ya mhubiri Billy Graham. Kuiondoa kulikuwa sahihi. Kinachokera ni watetezi wanaoendelea kumwita “gavana wa elimu”, kana kwamba sifa hiyo inafuta mengine yote.

Aycock alizaliwa 1859, akahitimu Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1880 na kuwa wakili mjini Goldsboro. Mwaka 1898 alikuwa msemaji mashuhuri wa kampeni ya Chama cha Democrat iliyonadi waziwazi ukuu wa wazungu. Siku mbili baada ya uchaguzi, wazungu wenye silaha waliua watu weusi mjini Wilmington na kuing’oa serikali halali ya mji. Agosti 1900 Aycock alichaguliwa kuwa gavana, na papo hapo yakapita marekebisho ya katiba ya jimbo: mpiga kura ajue kusoma na kuandika, tena alipe kodi ya kichwa.

Watetezi husema alijenga shule nyingi na alipinga fedha za shule kugawanywa kwa kufuata kodi ya kila rangi. Ni kweli. Husema pia alikuwa mtu wa zama zake. Zama hizohizo George Henry White, mbunge mweusi wa jimbo hilohilo, aliwasilisha muswada wa kuzuia watu kuuawa na magenge.

Jambo la kuamua ni hili. Marekebisho yale yaliwasamehe mtihani wa kusoma wale ambao wao au mababu zao walikuwa na haki ya kura Januari 1, 1867 au kabla yake, wakati karibu watu weusi wote wa Kusini hawakuwa nayo. Lakini msamaha ulidumu kwa waliojiandikisha kabla ya Desemba 1908 tu. Kijana mzungu maskini ambaye angefikia umri wa kura baadaye angekwama kama jirani yake mweusi. Wazungu maskini waliliona hilo wakaingiwa na hofu, na Aycock akawatuliza kwa ahadi ya shule. Basi shule hazikuwa wema wa kupimwa dhidi ya dhambi ya kupora kura. Zilikuwa bei ya uporaji wenyewe! Anayezisifu huku akinyamazia kura anasifu nusu ya mapatano na kuwaficha waliolipia.

White aliondoka Bungeni Machi 1901. Aycock alifariki 1912 akihutubia kuhusu elimu mjini Birmingham, Alabama. North Carolina haikumchagua tena mbunge mweusi wa taifa hadi 1992.