Nguvu za Mwili, Mchezo wa Gofu, na Adhabu ya Kichura

Najua ya kuwa wengi wenu mkiona kichwa cha maneno haya mtacheka. Mtauliza, "Gofu na Njombe wapi na wapi?" Hapa petu tuna viazi, chai, miwati na baridi kali ya mwezi wa Juni, uwanja wa gofu shuleni hatuna, na fimbo za mchezo huo wengi wetu tumeziona katika picha tu. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa maana nataka kuutumia mchezo huo kueleza jambo linalotuhusu sote, wanafunzi, walimu na wazazi. Nalo ni hili: nguvu za mwili hujengwa kwa mazoezi yenye utaratibu, na sisi tunayo nafasi ya kuzijenga bila kununua kitu, lakini twaiharibu nafasi hiyo kwa kuyafanya mazoezi kuwa adhabu.

Jambo hili nilianza kulifikiri katika likizo ya Desemba, nilipokwenda Makambako kumwamkia mjomba wangu. Mzee huyu zamani alikuwa akibeba mifuko ya fimbo za wachezaji katika klabu moja ya gofu mjini Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani kulima na kuuza mbao. Amebaki na fimbo moja ya chuma iliyochakaa na mipira minne. Jioni moja tulikwenda mahali palipo wazi, mbali na nyumba na barabara, upepo wa Makambako ukivuma kama ilivyo desturi yake. Mimi nina miaka kumi na saba, na nyumbani hakuna kijana anayenishinda kwa jembe. Basi nikaishika ile fimbo nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mara ya kwanza nilichimba udongo. Mara ya pili niliupata mpira, ukaenda hatua thelathini, ukalala. Mjomba, ambaye ni mfupi kuliko mimi na umri wake umepita miaka sitini, akasimama, akauzungusha mwili bila haraka, na mpira ukaruka mpaka ukanipotea machoni.

Nikamwambia, "Mjomba, una dawa?"

Akacheka, akanijibu, "Dawa ipo miguuni. Wewe unapiga kwa mikono tu."

Akaniamuru nisimame kwa mguu mmoja. Nikapepesuka kama mlevi. Akaniambia niyageuze mabega na kuiacha nyonga palepale. Nikashindwa, mwili wote ukageuka kama mlango. Mjomba akasema, "Unaona? Una nguvu za kuinama. Nguvu za kuzunguka huna."

Maneno hayo yalinichoma, nami niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia. Yeye alinifafanulia vizuri. Mpira wa gofu, kwa sheria, hauzidi gramu 46, basi si mzigo wa kumshinda mtu. Linaloupeleka mbali ni mwendo wa kichwa cha fimbo wakati kinapougusa. Na mwendo huo hauanzii mikononi. Huanzia ardhini. Mguu hukanyaga, paja na makalio husukuma, nyonga hugeuka, tumbo na mgongo hupokea ule msukumo na kuupeleka mabegani, kisha mikono, na mwisho kabisa viganja. Mtu anayepasua kuni kwa ustadi hufanya hivyo bila kufundishwa; asiyejua hutumia mikono peke yake, akachoka kabla ya gogo la tatu.

Kiuno kikiwa dhaifu, kazi yote ya miguu hupotea njiani. Ni kama mfereji wa bustani zetu za vinyungu uliobomoka katikati: maji yametoka chanzoni, lakini kwenye mboga hayafiki.

Sasa watakuja wale wanaosema ya kuwa gofu ni mchezo wa shabaha na utulivu, na kwamba mwenye misuli minene hukakamaa akashindwa kuzungusha fimbo. Hao si wa kwanza. Zamani wachezaji wengi duniani waliamini hivyo. Aliyewapinga kwa vitendo ni Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya dhahabu, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Alikuwa mfupi kuliko washindani wake wakubwa, akaona ya kwamba asipojiongezea nguvu hataweza kuwafikia. Akainua vyuma, akakimbia, akaufanyia kazi mwili wake, huku akionywa ya kuwa anauharibu mchezo wake. Mwaka 1959 alishinda mashindano makuu ya Uingereza. Kufika mwaka 1965 alikuwa amekwisha kushinda mashindano yote manne makubwa ya dunia, na hesabu yake yote ilikuwa mara tisa. Mara ya tisa ilikuwa mwaka 1978, naye alikuwa na miaka 42.

Baada yake wengine walifuata njia hiyo. Tiger Woods wa Marekani mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 21, alishinda mashindano ya Masters kwa tofauti ya mipigo 12, na watu walistaajabia jinsi alivyoupeleka mpira mbali. Annika Sörenstam wa Uswidi alijijenga mwili kwa mazoezi mazito, na mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mashimo 18 kwa mipigo 59 katika mashindano makubwa ya wanawake wa Marekani. Siku hizi mchezaji wa daraja la juu asiyefanya mazoezi ya nguvu ni nadra kumwona.

Lakini tusidanganyike. Nguvu si mchezo wote. Katika uwanja ambao mchezaji mwema hutarajiwa kuumaliza kwa mipigo 72, mipigo 36, yaani nusu kamili, huhesabiwa kuwa ni ya kuusukuma mpira polepole shimoni. Hapo misuli haisaidii sana. Hapo pana macho, mkono mwepesi na moyo uliotulia. Tena nguvu zisizotunzwa huumiza. Mgongo ndio kiungo kinachowasumbua sana wachezaji wa gofu. Woods huyohuyo alipasuliwa mgongo mara kadhaa, akakaa miaka bila ushindi mkubwa, hata alipoushinda tena mchezo wa Masters mwaka 2019. Sisemi mazoezi ndiyo yaliyomwumiza. Nasema mgongo ni mali ya kulindwa, na ulinzi wake ni tumbo, makalio na mapaja yaliyo imara.

Sasa turudi nyumbani. Mzazi atasema, "Mwanangu analima, anachota maji, anabeba magunia ya viazi na mbao. Mazoezi gani tena?" Ni kweli, na tusizidharau kazi hizo. Mtoto aliyepanda vilima vya Njombe na ndoo kichwani amekwisha kupata shingo imara, miguu imara na mwendo ulionyooka, vitu ambavyo watoto wa mijini huvilipia fedha. Lakini kazi ina upungufu wake. Jembe hutuinamisha upande mmoja mchana kutwa, mkono uleule mbele, mguu uleule nyuma. Shamba halikuulizi kama upande wa pili nao umefanya kazi, wala halikupi mapumziko mgongo ukichoka. Zoezi lenye utaratibu hurekebisha hayo: hufanya pande zote mbili, huongezwa kidogo kidogo, na huachwa siku mbili au tatu ili misuli ipate kujijenga. Ndiyo sababu mimi, bingwa wa jembe, nilishindwa na mzee kule Makambako.

Na mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kuchuchumaa na kusimama polepole, visigino vikiwa chini, hujenga mapaja. Kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno hujenga makalio na mgongo wa chini. Kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, hujenga tumbo. Pushapu hujenga kifua na mabega. Kusimama kwa mguu mmoja hufundisha mizani. Kushika jiwe la kilo tatu au nne kwa mikono miwili na kuligeuza kutoka kulia kwenda kushoto, nyonga na mabega vikifuatana, hufundisha kuzunguka. Kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, raundi mbili au tatu, mara mbili kwa juma. Ukiona umbo la zoezi linaharibika, acha. Hiyo ni ishara ya kuwa umefika mwisho wako wa siku hiyo. Nimeyafanya haya kwa muhula mzima. Nilipokwenda tena Makambako wakati wa mapumziko ya nusu muhula, mpira wangu haukumfikia mjomba, lakini alitikisa kichwa akasema, "Sasa umeanza."

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uchungu. Hebu mtazame orodha hiyo tena. Kuchuchumaa, pushapu, kurukaruka. Je, mambo haya tumeyajulia wapi? Katika shule nyingi tumeyajua kwa kuchelewa gwaride. Mwanafunzi akikosa, huambiwa aruke kichura mpaka mwisho wa uwanja, au apige pushapu hamsini mbele ya wenzake. Anafanya vibaya, kwa haraka na kwa aibu, magoti yakimwuma, hakuna anayemwonyesha namna iliyo sawa. Kesho yake, mwalimu wa michezo akiwaambia wanafunzi wachuchumae, darasa zima huangua kicheko na mmoja huuliza, "Mwalimu, tumekosa nini?" Rafiki yangu mmoja, mkimbiaji mzuri sana, aliadhibiwa hivyo katika shule aliyotoka, mpaka goti likavimba. Hadi leo hataki zoezi lolote la miguu. Shule ile ilidhani imemtia adabu, kumbe imempotezea mchezo wake.

Hatuwaadhibu watoto kwa kuwaamuru wasome ukurasa wa Hisabati, maana tunataka waipende Hisabati. Kwa nini basi tuwaadhibu kwa jambo tunalotaka walipende maisha yao yote?

Wasichana nao wamewekewa kizuizi chao. Huambiwa ya kuwa wakiinua vizito watakuwa na miili ya kiume. Maneno haya hayana msingi. Mama zetu hubeba kuni na maji tangu utotoni, wala hakuna aliyewaita wanaume. Madina Iddi wa Arusha amecheza gofu na kushinda mashindano ya wanawake nje ya mipaka ya nchi yetu. Wengine huogopa ya kuwa mazoezi ya nguvu hudumaza watoto. Madaktari wa michezo wa siku hizi wamekwisha kueleza ya kuwa, mtoto akisimamiwa vizuri na asibebeshwe uzito uliomzidi, mazoezi hayo hayadumazi, bali huimarisha mifupa na kupunguza majeraha.

Labda mtu atauliza tena, "Hata tukiwa na nguvu, gofu tutaicheza wapi?" Jirani zetu wa Mufindi, katika mashamba ya chai, wamewahi kuwa na uwanja wao. Dar es Salaam wapo Gymkhana, na wapo Lugalo, klabu ya jeshi letu. Arusha, Moshi na Morogoro pia mchezo huu upo, na wengi waliokuwa mabingwa wa kulipwa katika Afrika Mashariki walianza kama mjomba wangu, kwa kubeba mifuko ya wengine. Tangu mwaka 2016 gofu imerudi katika Michezo ya Olimpiki. Nani ajuaye nani miongoni mwetu atafika huko? Na asipofika, miguu hiyohiyo itampigia mpira wa miguu, kiuno hichohicho kitamrushia mkuki, na mgongo huohuo utamlimia shamba bila kuumia akiwa na miaka hamsini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwa walimu wetu: tupeni nusu saa mara mbili kwa juma, chini ya mwalimu wa michezo, wavulana na wasichana, wenye nguvu na wasio nazo, tena zoezi la viungo lisitumike kuwa adhabu. Ikiwa adhabu haina budi, zipo kazi za usafi, na upo muda wa kukaa na mkosaji na kusema naye. Kwa wazazi: mtoto akirudi likizo na kuinua jiwe uani, msimcheke wala msimwambie anapoteza muda. Kwa wanafunzi wenzangu: tusingojee kengele wala mashine kutoka mjini. Jiwe lipo, uwanja upo, na miguu tunayo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi bado tu wabichi. Atukunje mwenye kujua, lakini atukunje kwa upendo, asituvunje.

Mwanafunzi, Kidato cha III