Kwenda Kuona Mlima Nayo Ni Sababu

Wanaoishi Busia wanajua, hapa swali la kwanza si jina lako. Ni "Unaenda wapi, kufanya nini?" Atakuuliza askari, atakuuliza mwenye nyumba, hata mama wa chapati. Na sisi tumezoea kujibu haraka haraka. Naenda kuhakikiwa. Naenda hospitali. Naenda kwenye mahojiano. Naenda msibani. Nimekaa Uganda miaka tisa, na kila safari yangu ndefu ilikuwa na karatasi mfukoni.

Mwezi wa nane tulikwenda Kapchorwa, watu saba, kuona mlima. Basi.

Kabla ya kuondoka tuliomba nauli kwa shirika moja. Silitaji, na dada aliyetupokea alikuwa mpole kweli. Alisema mradi haugharamii matembezi, ila tukiandika "mafunzo ya kuwajengea vijana uwezo kuhusu mazingira" inaweza kupita. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Yaani kijana mwenyeji akienda Sipi ni mtalii, mimi nikienda lazima niwe nafundishwa kitu. Tukaamua kuchanga wenyewe, kidogo kidogo, karibu miezi mitatu.

Mwenzetu mmoja alikataa kuchanga. Alisema pesa ile ni unga, na mkimbizi aliyeamua kuishi mjini badala ya kwenye makazi hana mgao wa kumwokoa. Ana watoto wawili. Kwa hilo hakuna aliyembishia. Lakini aliongeza kwamba watu wakiona picha zetu watasema tumeshiba, na msaada utapungua. Hapo simkubalii. Hofu hiyo naijua, nimelelewa nayo. Inatufanya tuvae sura ya shida hata siku ambayo hatuna shida, na ukiivaa muda mrefu inakataa kutoka.

Tulianzia Tororo asubuhi, lile jabali la mji likiwa nyuma yetu. Mgeni akiliona hudhani ndio mlima wenyewe. Tororo nayo imewahi kupokea wakimbizi: mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, Wakenya walivuka Busia na Malaba wakawekwa Mulanda, kisha wengi wakapelekwa Kiryandongo. Ukipita Mbale, barabara inafuata miguu ya Elgon, halafu inaanza kupanda na masikio yanaziba. Kilele cha Wagagai kina mita 4,321, ila ukiwa chini hukioni. Unachoona ni mlima mpana unaoingia mawinguni bila kuonyesha mwisho wake.

Kapchorwa ni mji mdogo. Barabara, maduka, kahawa imeanikwa juani, baridi ambayo sisi wa Busia hatukuwa na nguo zake. Alfajiri tuliamshwa na miguu. Vijana wanakimbia, kundi baada ya kundi, maana huku ndiko kwao kina Joshua Cheptegei, na kila mtoto anajua medali ya dhahabu ilitoka kwenye vilima hivi. Mmoja wetu akasema: hawa ni wakimbiaji, sisi wakimbizi, tofauti ni mkia wa neno tu. Nilipenda kuwaangalia. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wanakimbia na hakuna anayewafukuza.

Sipi tuliona maporomoko yote matatu. La chini linashuka kama mita mia, na ukisimama karibu unalowa kabla hujajua umelowa. Kuingia hifadhini ndiko kulikotushinda. Usiku tulikaa na simu tukibishana juu ya bei. Kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki, bei ya wageni wanaoishi nchini, na bei ya wageni wa nje. Sisi ni nani? Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, Sudan Kusini 2016, Burundi 2007. Kwa hiyo kwa uraia sisi ni Afrika Mashariki kabisa. Lakini mkononi tuna kadi ya mkimbizi, na mkimbizi kwenye orodha hayupo. Tulibishana mpaka saa sita usiku, mwishowe tukaona tusijaribu. Najua, ni woga. Tungeenda langoni tuulize tu.

Kesho yake mwenyeji wetu alitupeleka kwa mzee mmoja wa Wabenet, anayekaa karibu na mpaka wa hifadhi. Nikamwambia, kwa furaha yangu, "Mzee, nimependa hili pori lenu, kubwa, halina mtu." Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa humo ndani."

Wabenet walikuwa wakiishi kwenye msitu na nyasi za juu, na ng'ombe wao. Mwaka 1983 serikali ilitenga ardhi ya kuwahamishia. Mwaka 1993 msitu ukafanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kule Mbale ilitambua kwamba wao ni wenyeji wa asili wa pale, lakini wengi bado wako kwenye makazi ya muda, vibanda vya miti na udongo. Mzee alisema, "Nyinyi mkiulizwa kwenu wapi, mnaonyesha mbali. Mimi naonyesha pale," akanyoosha mkono, "na siruhusiwi kulala pale." Hakuwa analia. Alitupa maziwa, akatuuliza bei ya mahindi Busia.

Kwenye mikutano ya mashirika tunagawanywa makundi mawili, wakimbizi upande huu na wenyeji upande huu. Mzee yule ungemkalisha wapi? Semina ngapi nimekaa za "kuishi pamoja na jamii zinazotupokea", na hakuna hata moja iliyonionyesha kwamba mwenyeji naye anaweza kuhamishwa akiwa nchini mwake. Nimelijua hilo kwa sababu nilikwenda kutembea.

Kurudi, kizuizini, askari akakusanya kadi zetu. "Mnatoka wapi? Mlienda kufanya nini?" Nikasema, "Afande, tulienda kuona mlima." Alizigeuza zile kadi moja moja, nikasikia tumbo likinikata. Halafu akauliza kama huko juu mvua imeanza.

Kwa hiyo kaka na dada wa mashirika, ombi langu ni dogo. Kwenye bajeti za vijana wekeni mstari wa matembezi, na muuite matembezi. Na mwenye kujuana na watu wa hifadhi atuulizie hiyo kadi inalipa bei gani, tupate jibu la maandishi badala ya kubishana usiku.

Sisi tumeanza kuchanga tena, shilingi elfu mbili kwa wiki. Safari hii tunafika langoni. Yule mwenzetu wa unga bado amekataa, ila ameuliza kama mtoto wa miaka kumi anaweza kupanda. Tumemwambia alete sweta.