Shule Zetu Zipimwe kwa Mizani ya Haki



Kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne, maneno yale yale husikika kote Ufipa: shule fulani ni nzuri, shule fulani ni ya kupoteza watoto. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, likieleza kwamba jambo hilo halina tija. Orodha imeondoka, lakini hukumu imebaki vinywani mwetu. Twasema wazi: hukumu hiyo, kwa namna itolewavyo, ni dhuluma.

Tuangalie kinacholinganishwa. Upande mmoja zipo shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru na Mzumbe, zinazopokea watoto waliokwisha kuchujwa kwa alama za darasa la saba, wakalala bwenini na kusoma usiku. Upande wa pili ipo shule ya kata, iliyosimama kwa nguvu na michango ya wananchi baada ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Hiyo humpokea kila mtoto aliyefaulu katani, awe wa Laela, wa Matai, au wa Mtowisa kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa. Mtoto huyo hutembea alfajiri katika baridi na matope, au hupanga chumba na kujipikia mwenyewe angali mdogo.

Tangu Januari 2016 serikali hulipa ada badala ya mzazi: shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Bweni lina gharama zake, hatukatai. Lakini mtoto wa kutwa aliyepanga chumba naye ana bweni lake, ila hilo hulipiwa na mahindi ya mzazi wake.

Wako watakaosema kwamba twawakingia kifua walimu wazembe. Sivyo! Kulinganisha ni halali, mradi shule ya kata ipimwe na shule ya kata, na maswali yawe haya:

Kwanza, kati ya walioanza kidato cha kwanza, wangapi walifika kwenye mtihani wa kidato cha nne? Shule iliyowapoteza wengi njiani haina haki ya kujivunia ufaulu wa wachache waliobaki.

Pili, walimu wa hisabati na sayansi ni wangapi, na kila mmoja anafundisha wanafunzi wangapi?

Tatu, wasichana walioacha masomo kwa kupata mimba waliruhusiwa na serikali kurejea tangu Novemba 2021. Katika shule yetu wamerudi wangapi? Nani aliwafuata nyumbani?

Katika mfano wa talanta, yule aliyekabidhiwa mbili alisifiwa sawasawa na aliyekabidhiwa tano, kwa kuwa kila mmoja alipimwa kwa alichopewa. Basi waamini mlio katika bodi za shule, yaulizeni maswali haya kikaoni, majibu yaandikwe, nayo yasomwe mbele ya wazazi. Ikionekana kwamba mwalimu amezembea, awajibishwe. Ikionekana kwamba shule imenyimwa walimu, aliyeinyima ndiye aulizwe. Mtoto asibebeshwe aibu ya deni asilolikopa.